UZI: Blogu yangu ya kuku imenilipa wapi, na wapi haikunilipa

Mama Vifaranga (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Haipiti wiki humu bila kijana kuuliza kama blogu inalipa. Anajibiwa na watu wawili: mmoja anamwambia atajenga nyumba, mwingine anamwambia aachane na ndoto. Mimi nina blogu ya ufugaji wa kuku, naishi Singida, na nimeona niandike hesabu zangu kama zilivyo. Nitaandika kwa vipande. Mayai kwenye mashine ya kutotolesha yametimiza siku ya 18 leo, nimeacha kuyageuza, na kwa siku tatu hizi zilizobaki sitoki karibu na mashine. Nina muda wa kujibu maswali.

Nianze na matangazo, maana huko ndiko wengi wanakokimbilia.

AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye blogu yako na kukulipa, ipo tangu 2003. Haikutumii hela mpaka salio lako lifike dola 100. Kabla ya hapo, ukishafikisha dola 10, wanakutumia barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yako. Sikuwa na sanduku la posta, nikaomba kutumia S.L.P. ya shule anayofundisha kaka yangu. Barua ya kwanza ikapotea. Nikaomba ya pili. Kaka akawa anaulizia kila Ijumaa, na ilipofika alinitumia picha ya bahasha hata kabla hajaifungua. Mjue kwamba mna miezi minne tangu namba ya kwanza itolewe. Ikipita hamjaiingiza, matangazo yanasimama.

Dola 100 za kwanza zilinichukua miezi 14. Kwenye blogu yangu, kurasa zikifunguliwa mara 1,000 napata kama senti 40 za dola. Fanyeni hesabu wenyewe: ili nifike dola 100, kurasa zifunguliwe mara 250,000. Wasomaji wangu wako Kahama, Tabora, Lindi, Manyoni. Mtangazaji hatoi kwa ajili ya mfugaji wa Manyoni fedha anazotoa kwa ajili ya mtu wa London, hata makala iwe nzuri namna gani.

Kwa hiyo pesa ya matangazo kwangu ni ya bando na umeme wa mashine. Pesa iliyolipa ada ya mtoto imetoka kwingine kabisa, nakuja nayo.

Kijana wa Stendi

Mama, kabla hujaendelea: ulianza na mtaji gani? Mimi nina simu tu.

Mama Vifaranga

Na mimi nilikuwa na simu tu, mwanangu. 2017 nilifungua blogu Blogger, ambayo ni bure, anwani yake inaishia na blogspot. Makala za kwanza zilikuwa mbovu. Nilikuwa nachukua kijitabu cha ufugaji nanakili kwa maneno yangu: "Utangulizi", "Umuhimu wa ufugaji wa kuku", "Aina za kuku". Kwa miezi mitano nilisomwa na ndugu zangu tu, niliokuwa nawatumia mimi mwenyewe WhatsApp.

Jina langu la tovuti nililipia baadaye sana. Usinunue jina wala kulipia mtu akutengenezee tovuti kabla hujaandika hata makala 20. Nimeona vijana wanatoa laki tatu kwa tovuti nzuri yenye ukurasa mmoja wa "Karibu", basi.

Kilichobadilisha mambo ni kitu kidogo. Kuna chombo cha bure cha Google kinaitwa Search Console. Kinakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla hawajafika kwako. Nilipokifungua mara ya kwanza nilikaa nacho jioni nzima. Mimi nilikuwa nimeandika makala yenye kichwa "Ugonjwa wa Newcastle kwa kuku". Hakuna aliyekuwa anatafuta hivyo. Watu walikuwa wanaandika "kuku anapinda shingo", "kuku kuhara kijani", "kuku wanakufa ghafla usiku dawa gani". Mfugaji hajui jina la ugonjwa. Anachojua ni kile anachokiona bandani saa kumi na mbili asubuhi.

Nikaandika upya. Kichwa: "Kuku anapinda shingo na kuhara kijani: fanya hivi leo". Nikaweka picha nilizopiga mwenyewe kwenye banda la jirani yangu aliyepigwa na mdondo, ndio huohuo Newcastle au kideri. Nikaeleza wazi kwamba kideri hakina dawa, anayekuuzia dawa ya kukitibu anakula hela yako, na kinga ni chanjo ya tone moja kwenye jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Makala hiyo moja mpaka leo inasomwa kuliko nyingine zote nilizoandika kwa pamoja.

Mzee wa Takwimu

Dada, nakuheshimu, lakini blogu zimekufa. Watu wako TikTok na YouTube. Nani anasoma maandishi siku hizi?

Mama Vifaranga

Kaka yangu, una hoja. Video zangu mbili fupi zimeangaliwa na watu wengi kuliko makala zangu za mwaka mzima. Lakini ngoja nikwambie nilichokiona. Anayeangalia video ya vifaranga anafurahi, anapita. Anayeandika "kuku anapinda shingo" saa nne usiku ana kuku 80 bandani na roho haijatulia. Huyo akikuta namba yangu chini ya makala, anapiga. Wanunuzi wangu wengi wa vifaranga wametoka kwa hao wa usiku.

Kuna ukweli mwingine ambao hukuutaja. Siku hizi Google inajibu yenyewe juu ya ukurasa, mtu hana haja ya kuingia kwako. Makala zangu za majibu mafupi, mfano "yai la kuku huanguliwa kwa siku ngapi", zimepoteza wasomaji kabisa. Mtu anasoma "siku 21" anaondoka. Zilizobaki na watu ni zile zenye vitu ambavyo mashine haina: picha za banda langu, bei nilizolipa mimi, siku niliyokosea. Anayeanza leo aandike za namna hiyo. Za kukusanya maarifa ya vitabuni aziache.

Nimeungua Kidogo

Naomba niongeze langu ili wengine wapone. 2022 nililipa 150,000 kwa mtu aliyekuwa anatangaza kozi ya kuingiza dola 50 kwa siku. Kozi yenyewe ilikuwa hivi: unachukua makala za Kiingereza, unazipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, unabandika. Halafu tuko watu 60 kwenye kundi la WhatsApp, kila asubuhi mnatumiana viungo na kila mmoja anabofya matangazo ya mwenzake. Salio likawa linapanda, nikawa naamka na furaha. Lilipofika dola 83 akaunti ikafungwa. Nilikata rufaa, ikakataliwa. Dola 83 hazikuja. Yule mtu wa kozi akaniondoa kundini.

Mama Vifaranga

Pole sana ndugu yangu. Asante kwa kusema hadharani, maana wengi huona aibu na wengine wanaendelea kuingia.

Vijana mtakaosoma uzi huu: kubofya matangazo yako, au kumwomba mtu akubofyee, ni kosa ambalo kampuni inalifungia akaunti, na hela iliyokuwemo hairudi kwako, inarudishwa kwa watangazaji. Wana mashine zinazoona watu 60 walewale wakibofya kila asubuhi. Na mtu anayejua kweli kutengeneza dola 50 kwa siku kwa njia rahisi hana sababu ya kukaa anauza kozi ya 150,000.

Sasa niende kwenye biashara yenyewe.

Msomaji alikuwa anapiga simu kuuliza ugonjwa, namjibu, halafu kabla hajakata anasema: "Mama, na vifaranga wazuri nitapata wapi?" Nilikuwa nawaelekeza kwa watu. Siku moja mume wangu akaniuliza kwa nini nawapa watu wengine wateja wangu. Nikanunua mashine ndogo ya kutotolesha ya mayai 176.

Nikaanza na vifaranga wa siku moja. Boksi lake linabeba 100 na ndani lina vyumba vinne, kila chumba 25, ili wasilaliane. Unalipakia kwenye basi la usiku, mteja anapokea asubuhi. Kifaranga wa siku moja bado ana kiini cha yai tumboni, anaweza kukaa hata saa 72 bila kula wala kunywa, kwa hiyo safari ya usiku mmoja haimpi shida.

Kinachompa shida ni hewa. Mteja mmoja wa Morogoro aliagiza 100. Nilimweleza kondakta boksi likae juu na lisifunikwe, akaitikia. Mteja alipofungua asubuhi alinipigia simu ya video. Boksi lilikuwa limewekwa kwenye buti, magunia mawili juu yake, matundu yote yamezibwa. Vyumba viwili vya chini vilikuwa kimya kabisa. Walikufa 63. Mteja hakunitukana. Alikuwa anawatoa mmoja mmoja anawapanga kwenye gazeti, mimi naangalia kwenye simu, mikono inanitetemeka.

Nilimrudishia hela zote siku ileile, na wale 37 waliobaki nikamwachia. Kampuni ya basi haikunilipa kitu kwa sababu risiti ilikuwa imeandikwa "mzigo". Tangu siku hiyo siuzi vifaranga wa siku moja kwa mtu wa mbali. Nawalea mpaka mwezi mmoja, wakiwa wameshapata chanjo ya kideri na ya gumboro, nawasafirisha kwenye matenga yenye hewa, nina kibali cha afisa mifugo, na risiti inaandikwa "vifaranga hai" na idadi yao. Bei ni kubwa zaidi na wateja ni wachache zaidi. Nalala usingizi.

Hesabu ya oda moja ya vifaranga 50 wa mwezi mmoja, hii ni kwangu Singida:

Mayai 75 kwa 600 ni 45,000, kwa sababu si yote yanaanguliwa na si wote wanafika mwezi. Umeme na mkaa wa kuwapa joto 15,000. Chakula kilo 40 kwa 1,400 ni 56,000. Chanjo na vitamini 12,000. Jumla 128,000. Nauza kila mmoja 5,000, ni 250,000, usafiri anabeba mteja. Inabaki 122,000 kabla sijahesabu bando, kodi na kazi yangu ya kuamka usiku.

Oda moja hiyo imezidi matangazo ya miezi kadhaa. Na mteja nimempata kwa makala niliyoiandika mara moja.

Mpwani wa Kisauni

Dadangu, shukrani kwa kuweka hesabu wazi. Mie niko Mombasa, naandika mapishi ya kwetu: biriani, mahamri, samaki wa kupaka. Nimeyaona hayohayo uliyoyasema. Matangazo yanalipa kidogo mno. Lakini chini ya kila pishi niliweka kwamba masala ninayotumia nasaga mwenyewe, na robo kilo nauza. Sasa nasaga kila Alhamisi, na Nairobi wanachukua kuliko watu wa hapa.

Kwa wenzangu wa Kenya: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkaazi. Kwa hivyo kampuni ikikulipa kuwatangazia unga au mafuta, jua kiasi hicho kitakatwa kabla hakijakufikia, na uitishe hati ya makato uitumie wakati wa kujaza ritani. Wengi hawaitishi.

Mama Vifaranga

Asante sana, umenikumbusha. Kwetu Tanzania pia kuna makato ya asilimia 5 kwa malipo ya waandaa maudhui ya mtandaoni, yalikuja na Sheria ya Fedha ya 2024. Na TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure na TRA (Mamlaka ya Mapato), asije mtu akakuuzia.

Kuhusu leseni nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu iliniumiza. 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa kulipa 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 kila mwaka. Blogu yangu ilikuwa haijawahi kuingiza hata 20,000. Nilifunga, nikakaa nje karibu miaka mitatu, na makala nyingine nilizipoteza kabisa. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na zimerekebishwa baada ya hapo, kwa hiyo tarakimu hizo za 2018 usizibebe kama za leo. Mimi nilipanda basi mpaka ofisi ya kanda ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) Dodoma, nikawaeleza ninachoandika, nikaelekezwa cha kufanya, nikakifanya. Nakushauri uulize huko mwenyewe, uwaeleze kama unaandika habari au mafunzo, usitegemee jibu la mtu wa mtandaoni, mimi nikiwemo.

Kijana wa Stendi

Mama, sina kuku wala sijui kusaga masala. Niko stendi napakia mizigo. Niandike nini?

Mama Vifaranga

Mwanangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unafanya kazi mahali ambapo mimi nilipoteza vifaranga 63.

Ni nani anajua kuliko wewe namna mzigo unavyopotea? Basi gani linaondoka saa ngapi kwenda wapi, kioo kinafungwaje kisivunjike, samaki wabichi wanasafirishwaje wasioze, risiti iandikwe nini ili mtu alipwe mzigo ukiharibika, mteja adai wapi. Sisi tunaouza mtandaoni tunahangaika na maswali hayo kila siku na hakuna aliyeyaandika vizuri kwa Kiswahili. Ningekuwa nimesoma makala ya mpakiaji mmoja anayesema "usikubali boksi lenye uhai liende kwenye buti, simama mpaka uone limewekwa", wale vifaranga wangepona.

Anza hivi. Wiki hii andika makala moja tu, "Jinsi ya kutuma mzigo unaovunjika kwa basi". Piga picha tatu: kabla ya kufunga, wakati wa kufunga, ukiwa ndani ya basi. Weka namba yako chini. Hela haitakuja kwa matangazo. Itakuja pale mwenye duka Kariakoo atakapokuomba umsimamie mizigo yake inayopita hapo na akulipe kwa kila mmoja. Malipo yote yapitie Lipa Namba au laini moja ya simu unayoitumia kwa kazi hiyo tu, usichanganye na hela ya chakula, la sivyo mwisho wa mwezi hujui kama umepata au umepoteza. Na mzigo ukishapanda basi, upige picha umtumie mwenye mzigo. Picha hiyo ndiyo itamrudisha.

Ukimaliza kuandika, niwekee hapa niisome kabla hujaitoa. Nakuahidi nitaisoma yote.

Niko Muscat

Mama Vifaranga, mimi ni mmoja wa wateja wako, hatujawahi kuonana. Mwaka jana nilinunua vifaranga 50 kwa ajili ya mdogo wangu Kondoa. Nilikuwa nimeshatuma hela nyumbani mara mbili kwa mradi wa kuku, mara zote nikaambiwa "wamekufa". Nilisoma makala yako ya Morogoro, ile ya waliokufa njiani. Nikasema huyu mtu akiharibikiwa anasema. Nikatuma hela.

Wale 50, wamebaki 44 na wanataga.

Mama Vifaranga

Nashukuru sana mdogo wangu. Nakumbuka oda ya Kondoa. Mwambie ndugu yako chanjo ya kideri asiiruke hata kama kuku wanaonekana wazima, hapo ndipo wengi wanapojisahau. Na 44 wakitaga, mayai ayaandike kwenye daftari kila jioni, akutumie picha ya ukurasa kila Jumapili.

Mgeni wa Jamvi

Samahani kwa kuingilia uzi wa biashara. Nimejiunga leo. Nina kuku 35 huku Nzega, tangu juzi wamekufa 6, wengine wawili shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Nimesoma hapo juu nikaogopa. Nikinunua vifaranga wako 50 nianze upya itasaidia? Hela ninayo.

Mama Vifaranga

Karibu, na wala hujaingilia. Nisikilize vizuri, fanya haya sasa hivi kabla giza halijaingia.

Wale wawili watoe bandani, waweke mbali, na vyombo vyao vya maji visirudi kwa wazima. Waliokufa usiwatupe wala usiwape mbwa. Wachome au wafukie shimo refu. Usiuze hata mmoja na usimpe jirani, hata akikuomba kwa bei ya kutupa. Viatu unavyoingilia bandani visitoke humo. Halafu mpigie afisa mifugo wa kata yako leoleo, mweleze idadi na siku yalipoanza, yeye ndiye wa kuthibitisha ni nini na wa kukuambia kuhusu kuchanja waliobaki. Dalili ulizotaja zinafanana sana na kideri, ila mimi niko mbali na sijawaona.

Hela yako kaa nayo. Ukileta vifaranga bandani humo sasa watakufa, hata wakitoka kwangu. Nitumie picha ya hao wawili na ya kinyesi kwenye namba iliyo kwenye blogu. Niko macho, mashine inaanza kutoa sauti.